Ukiitwa Mara Moja

Mutinda mwanangu,

Sanduku lako mama yako amelifunga na kulifungua tangu mchana, na sasa amelikalia ili lisifunguke tena. Mambo ya sabuni, blanketi na watu wa kuogopa kule stendi amekwisha kukueleza, na najua atayarudia kesho mpaka basi liondoke. Mimi ameniachia yale yasiyoingia sandukuni. Unanijua si mtu wa maneno mengi, ndiyo maana nimewasha taa nikachukua kalamu.

Umenikasirikia, najua. Tangu barua ya chuo ifike, ndugu zako wamekuwa wakiimba, susu yako, mama yangu mzazi, amemchinja jogoo aliyekuwa akimpenda kuliko wajukuu wake, na mimi nimezunguka boma kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ulimwambia mama yako kwamba baba hafurahii. Nimefurahi, Mutinda. Nimefurahi na nimeogopa, ila hofu ndiyo iliyotangulia kufika usoni.

Chuo chenyewe sikiogopi. Naogopa uwanja wake wa mpira, na naogopa zaidi kwa kuwa mwalimu wao wa michezo amekwisha kukuona ukikimbia na amekuahidi jezi namba kumi na moja.

Unajua nilisomea ualimu huko huko Kitui, chuo hicho hicho unachokwenda. Usilolijua ni kwamba nilikuwa kapteni wa timu. Hakuna picha ukutani wala kikombe kabatini, na mtu akianza habari za mpira hapa nyumbani mimi hukumbuka ghafla kwamba mbuzi hawajafungiwa. Unajua pia kwamba simwiti mtu kwa sauti. Mama yako akikutaka yuko mlangoni, husikika mpaka kwa jirani. Mimi nikikutaka na uko mwisho wa shamba, nitatembea shamba zima, nitafika nikuguse bega, ndipo niseme. Mmenicheka sana kwa hilo. Dada yako huniiga, huja kwa kunyata mpaka nyuma ya mama yake na kumgusa bega ili kumwomba chumvi, na nyumba nzima huanguka kwa kicheko. Nacheka nanyi. Leo nataka ujue ninachokicheka.

Zamani nilikuwa na sauti. Kwaya ya kanisa ilinitegemea, na nikiimba besi wazee walisema madirisha yanatetemeka. Nilipofika chuoni, kocha wetu, mwalimu Mulwa, alikuwa mtu mwenye akili nyingi za mpira na kifua kibovu. Akipiga kelele mara mbili anakohoa mpaka mechi inaisha. Alinisikia siku moja nikiomba mpira, akaniita kando.

"Hiyo sauti yako ndio itatushindia hiki kikombe," akaniambia. "Mimi nitafikiria, wewe utaita."

Uwanja ule wetu, Mutinda, haukuwa wa pasi. Ulikuwa mchanga na changarawe, na mpira ukiupiga hapa unaruka kule kama panzi. Vyuo vya sehemu zenye nyasi vilikuja na pasi zao nzuri na kuziacha kwenye vumbi. Mulwa aliona kwamba kwenye uwanja kama huo miguu ya mtu ni bora kuliko pasi. Anayeujua mpira aufunge miguuni mwake na akimbie nao, na wengine kumi kazi yao iwe kuwadanganya wapinzani ili apate njia. Timu nzima ilikuwa uongo mmoja mkubwa kwa ajili ya mtu mmoja anayekimbia.

Ili uongo ule ukubaliwe, lazima sote tuuanze kwa wakati mmoja. Hapo ndipo sauti yangu ilipoingia. Tulichagua majina matatu ya mahali. Nikiita "Sultan", mpira unabaki katikati, tunagawiana vipasi vifupi kama wachuuzi wa Sultan Hamud wanaobishana bei, mpaka wapinzani wachoke na kusogea. Nikiita "Mtito", senta wetu anachukua mpira na kwenda moja kwa moja katikati bila kuangalia pembeni, kama lori la Mombasa ambalo dereva wake amekwisha kuamua atalala Mtito Andei. Nikiita "Nuu", sote tunakimbilia kulia kwa kelele, tukiita mpira kama vichaa, na mpira wenyewe unakwenda kushoto, kwa winga aliye peke yake kando ya laini.

Winga huyo alikuwa Musembi. Kwao kulikuwa Nuu, ndiyo maana niliita shambulio lake hivyo, kwamba akishika mpira anakimbia kama anayekwenda kwao. Jina lake lenyewe kwa Kikamba ni mkimbiaji, na sijaona mtu aliyelitendea jina lake haki namna ile. Alikuwa mwembamba, mpole, anacheka kwa pua. Tulilala vitanda vinavyotazamana. Nilimpenda kama ndugu, na nakuandikia hilo waziwazi kwa sababu yeye sikuwahi kumwambia.

Alikuwa na ila moja. Nikiita "Nuu", haendi. Anasimama, anainamisha kichwa kidogo kama anayesikiliza kitu nyuma yangu, na nikiita tena ndipo anapaa. Muda ule mdogo ulikuwa ukituharibia kila kitu. Sisi wengine tumekwisha kukimbilia kulia, uongo umekwisha kutolewa, na winga bado amesimama. Beki wa wapinzani anarudi, njia inafungwa. Tulipoteza mechi ya ugenini kwa sababu hiyo tu, na nilirudi chuoni nimefura kama chura.

Nilimuuliza anangoja nini. Akanijibu bila haya, kama anayesema maji yanalowesha.

"Kapteni, kwetu mtu haitikii mara ya kwanza kama hamwoni anayemwita. Susu alinikataza. Ile kitu haina mwili haiwezi kuita mara mbili."

Sikushangaa. Hata mimi nililelewa hivyo, na wewe pia. Kila mtoto wa Ukambani ameambiwa kwamba akisikia jina lake jioni, akiwa kisimani au nyuma ya nyumba, anyamaze kwanza. Binadamu akikutaka ataita tena. Lakini mimi nilikuwa mtu wa chuo na nilitaka kikombe.

"Hapa uwanjani hakuna susu," nikamwambia. "Ukiitwa, unaenda."

Nikaanza kumfundisha. Wakati wa mazoezi nilisimama nyuma yake ambapo hawezi kuniona, nikaita mara moja tu. Akingoja, adhabu yake ilikuwa kwenda mtoni. Upande wa kushoto wa uwanja, baada ya kona, kulikuwa na mteremko na chini yake mto wetu, ambao kama mito yote ya kwetu ulikuwa mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Wasichana wa kijijini walichimba visima humo. Musembi alitakiwa kushuka na debe, achote, arudi nalo kichwani awape wachezaji maji. Wasichana walimcheka, sisi tulimcheka. Alikwenda, akarudi, akakosea tena, akaenda tena. Njia ile ya kutoka kona mpaka mtoni aliizoea kuliko njia ya darasani.

Na akabadilika, Mutinda. Ikafika siku naita mara moja, nikiwa nyuma yake, na miguu yake inaondoka kabla yeye hajajua. Mulwa alipiga makofi mpaka akakohoa. Nilijiona mwalimu hodari, kabla hata sijapewa cheti.

Mechi ya kikombe ilichezwa kwetu, na chuo kimoja cha upande wa Machakos. Ulikuwa mwezi wa joto, kabla ya mvua. Angani kwetu hakukuwa na wingu, ingawa mbali sana, juu ya milima, palikuwa na weusi ambao hakuna aliyeutazama mara mbili. Kipindi cha pili tulikuwa sare, tukishambulia lango la upande wa mto. Nilikuwa nimeita Sultan mara nyingi, nikiwachosha, na nilikuwa nikiihifadhi Nuu kwa dakika za mwisho.

Ndipo kikaja kile kimbunga cha vumbi. Umeviona hapa kwetu, vinazunguka na kupita, na watoto wanavitupia mawe. Hiki hakikupita. Kiliingia uwanjani kutoka upande wa kulia, kikakaa katikati, kikatanuka mpaka jua likawa kama chungwa. Sikuwaona wenzangu, niliona vivuli. Refa hakupuliza filimbi, nadhani hakuiona hata mikono yake. Nilivuta kola ya jezi nikaiuma kwa meno nisimeze mchanga.

Nikiwa nimeiuma hivyo, mdomo umefungwa, nilisikia sauti yangu ikiita "Nuu".

Iliita mara moja. Ilitoka upande wa mto. Ilikuwa sauti yangu kabisa, na ile namna yangu ya kuivuta mwishoni. Nilisimama, nywele za shingo zikasimama nami. Kisha nikasikia miguu ya wenzangu ikikimbilia kulia kwa kelele kama nilivyowafundisha, na upande wa kushoto nikasikia miguu ya mtu mmoja, miepesi, na mpira ukigusagusa chini. Nilitoa kola mdomoni niseme usiende. Mchanga ukanijaa mdomoni, nikakohoa badala ya kuita.

Vumbi lilipotulia tulikuwa sote upande wa kulia, wao na sisi, tukitazamana. Kushoto hapakuwa na mtu. Alama za viatu vyake zilifuata laini vizuri, zikafika kona, na hazikupinda kuingia langoni. Ziliendelea. Tulizifuata tukicheka kidogo, mtu mmoja akisema Musembi amefika Nuu. Tulipofika mteremkoni tukausikia mto.

Unajua jinsi mito yetu inavyokuja. Mvua inanyesha mahali usipopaona, na maji yanakufikia jua likiwaka, yamebeba miti. Mchanga ule nilikomtuma Musembi kuchota maji ulikuwa umefunikwa na maji ya rangi ya udongo. Wasichana wa visimani walikuwa wamekimbilia ng'ambo, wanalia. Walisema walimwona akishuka na mpira mguuni, akikimbia bila kutazama pembeni, na kwamba walimpigia kelele sana. Hakuwasikiliza. Alikuwa amekwisha kuitwa.

Walimpata siku iliyofuata, mbali, kwenye mizizi ya mti. Mpira waliukuta ng'ambo ya mto, juu ya jiwe. Mtoto aliyeuleta alisema ulikuwa mkavu. Niliushika mwenyewe. Ulikuwa mkavu.

Wenzangu wote walisema walinisikia nikiita. Mulwa, aliyekuwa amesimama kando ya laini, alisema alinisikia. Hakuna aliyenilaumu, waliona ni bahati mbaya, kapteni ameita na winga ameenda, mto ni mto. Niliposema sikuita walinitazama kwa huruma, kama mtu aliyechanganyikiwa kwa msiba. Baada ya muda nikaacha kusema.

Mulwa alinichukua tukaenda Nuu kumwona susu yake, kwa kuwa Musembi hakuwa na mwingine. Nilikuta bibi mwenye umbo dogo, ameketi kwenye ngozi, habari imekwisha kumfikia. Alitusikiliza mpaka mwisho. Hakulia mbele yetu. Aliuliza jambo moja tu, kwa Kikamba, akinielekea mimi na si mwalimu. Aliuliza aliitwa mara ngapi.

Nikamjibu kwamba aliitwa mara moja tu.

Kisha akasema, "Mimi nilimfundisha angoje ya pili. Nani alimfundisha asingoje?"

Mutinda, niliwatazama mbuzi wake. Nilikuwa na jibu mdomoni na nikawatazama mbuzi. Mulwa hakujua anachoulizwa, akaanza kuomba dua, nami nikafumba macho nikashukuru kwamba kuna dua. Bibi yule hakufumba. Nilipofumbua macho alikuwa bado ananitazama, na nilijua kwamba amekwisha kujijibu. Nilirudi Nuu nikiwa mwalimu, nimejikaza nimwambie. Nikakuta boma limeota majani.

Nimeishi na mambo haya mawili na sijawahi kuyapatanisha. Najua sikuita siku ile. Lakini aliyemfanya Musembi aende kwa mwito wa kwanza ni mimi. Kilichoita, sijui ni nini, kilichukua sauti yangu kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuitengenezea njia. Kuna wakati nafikiri hakikuwa kitu kingine ila sauti yenyewe, ile niliyoizoesha kutiiwa, kwamba ilibaki kule uwanjani nilipoondoka na bado inazunguka ikitafuta winga. Mchungaji akisoma haya atanivua uzee wa kanisa, na sitamlaumu. Mimi naamini ninayoyaamini Jumapili. Hili nalijua tu.

Niliacha kwaya. Niliomba kufundisha huku Makueni, na nilipotafuta shamba la kujenga nilitaka mlimani, mahali pasipo na mto. Watu walinicheka kwamba mtu wa ukame anakimbia maji. Nikaoa, ukazaliwa baada ya kungojewa sana, ukaanza kukimbia kabla hujatembea vizuri. Nilikutazama ukikimbia nikaona miguu ile ile. Sikukukataza, kwa kuwa baba akimkataza mtoto jambo bila sababu anamfundisha kulifanya kwa siri, na sababu sikuwa na moyo wa kuitoa.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Unakumbuka Jumamosi ile nilipokwenda Sultan Hamud kununua misumari ya paa la kanisa. Wewe ulikuwa ukicheza na vijana kwenye uwanja wa shule. Nilirudi giza likianza, nikakukuta jikoni na mama yako, na susu yako akichagua ndengu kwenye ungo. Ukaniuliza kama mtu anayeuliza habari za kawaida.

"Baba, leo uliniita pale uwanjani ukasema Nuu. Kuna nini Nuu?"

Neno lile sijawahi kulitamka katika nyumba hii. Na wakati ule wewe unaniambia nilikuita, mimi nilikuwa dukani, mwenye duka akinipimia misumari.

Kabla sijapata la kusema, susu yako, bila kuinua macho, alikuuliza kama ulienda.

"Nilingoja aite tena," ukasema. "Hakuita."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Kisha ikaendelea. Mimi nilisema pengine ni mtu mwingine, nikatoka nje kuangalia mbuzi, na mkacheka. Sikuwaona mbuzi. Nilisimama nyuma ya zizi nikilia kama mtoto, kwa hofu na kwa shukrani, sikuweza kuzitenganisha. Uwanja wa shule yetu hauna mto, lakini upande wake wa kushoto, ukipita kona, ni barabara ya Mombasa, na wewe unayajua malori ya saa ile.

Susu yako alinifuata huko nje. Sijawahi kumsimulia habari za Musembi, lakini mama ni mama. Akaniambia, "Mtoto anaenda. Mwambie." Kisha akarudi kwenye ndengu zake. Yeye ndiye aliyekuokoa, Mutinda, na neno alilokufundisha ukiwa bado unanyonya kidole. Mimi ndiye niliyemnyang'anya mwenzangu neno hilo hilo.

Sikukatazi kucheza. Nilifikiri kukukataza, mama yako akaniuliza kama nitaikata miguu yako niiweke kabatini. Cheza. Vaa namba kumi na moja. Utapata kocha na kapteni, labda wazuri kuliko Mulwa na mimi, nao wataona kwamba unangoja. Watakuita mzito, watakutuma mtoni na debe. Nenda ukachote, uchekwe, urudi. Lakini ile tabia ya kungoja mwito wa pili wasikuondolee. Shambulio likiharibika kwa ajili ya muda ule mdogo, acha liharibike. Utapigiwa kelele, na kelele hupoa. Ukipangwa nje kwa sababu hiyo, kaa nje ule chungwa lako.

Na si uwanjani tu. Nimeishi miaka ya kutosha kuona kwamba vitu vingi vitakavyokuita vitakuwa na sauti unayoipenda, na vitakutaka uende papo hapo. Kazi nzuri, rafiki, hata hasira yako mwenyewe. Chenye haki juu yako kitarudia. Mungu mwenyewe, kwa jinsi nilivyomfahamu, hajawahi kuniambia jambo mara moja akaniacha.

Mvua zikianza nitakuja kukutazama ukicheza. Nitasimama kwenye laini upande wa kulia, nimevaa lile koti la kijivu mnalolichukia, mahali unapoweza kuniona. Sitapiga kelele hata ukifunga. Ukinisikia nikishangilia, nitazame kwanza mdomo. Na kama mimi mwenyewe nitaweza kuutazama uwanja ule mpaka filimbi ya mwisho, tutashuka pamoja mpaka mteremkoni, nikuonyeshe mahali. Nina neno la kumwambia Musembi ambalo nilipaswa kumwambia kitanda chake kikitazamana na changu.

Mafuta ya taa yanaisha, na mama yako amelala juu ya sanduku. Nitamwamsha taratibu, kwa bega.

Basi ni la asubuhi sana na wewe una usingizi mzito, kwa hiyo kesho nitafanya jambo ambalo hujawahi kulisikia tangu uzaliwe. Nitasimama mlangoni mwako nikuite kwa sauti, jina lako, mara mbili. Ukisikia nimeita mara moja tu, mwanangu, lala.

Baba yako